Mkaja Kwenye Picha

Picha ilikuwa tope tupu. Mtu angeambiwa kwamba ni mchuzi uliomwagikia karatasi angekubali, maana hapakuwa na uso wala mkono wa kutambulika, ila madoa mawili meupe yaliyosimama karibu karibu. Kinoanuru, ile mashine ya kunoa picha, kikavuma. Mstari mwembamba wa buluu ukaanza kushuka kwenye kioo cha ukutani, taratibu, na kila ulipopita, tope liligeuka kitu. Kwanza likatoka taji la maua ya plastiki. Kisha nyusi zilizopakwa wanja. Kisha jasho kwenye pua ya bwana harusi, tone moja kamili, lililokuwa limening'inia pale kwa nusu karne likingoja kuonekana.

Watu waliokaa kwenye ukumbi wa Nyumba ya Nuru wakapiga vigelegele utadhani ndoa ilikuwa inafungwa siku ile.

Mwantumu Semboja alisimama kando, mikono ameikunja. Yeye ndiye mhandisi aliyeyaunda macho ya mashine ile, na ingawa alikwisha kuyaona maajabu yake mara nyingi, hakuwahi kuyachoka. Tanga ya siku hizo ilikuwa na mengi ya kumshangaza mgeni. Palikuwa na reli ya sumaku iliyoteleza juu ya mapaa ya Ngamiani, na mapaa yenyewe yalikunywa jua mchana yakawasha taa jioni. Roboti wa kahawa walizunguka barazani na mabirika ya shaba, wakimimina vizuri kuliko binadamu ila wasijue umbea hata mmoja. Lakini katika yote hayo, kilichowatoa watu machozi kilikuwa Kinoanuru.

"Kila picha ina chembe nyingi za nuru kuliko jicho linavyoweza kusoma," aliwaeleza wateja, kama alivyozoea. "Mkono wa mpigaji ukitetemeka, chembe hazipotei, zinatawanyika tu. Kinoanuru kinazifuata moja moja na kuzirudisha zilikotoka. Hakiongezi, hakipunguzi. Ni kama kunoa kisu. Chuma ni kile kile."

Mwenye picha, mzee mmoja wa Pongwe aliyeitwa Mzee Kibwana, alikuwa amesogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Wengine walikuwa wakishangilia, yeye alikuwa amekunja uso.

"Huyu ni mimi, sina shaka," alisema. "Lakini mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na pengo. Hapa mbele." Akagusa jino lake mwenyewe kwa kidole. "Alikuwa hacheki mpaka azibe mdomo. Huyu ana meno yote."

"Baba nawe!" mwanawe akacheka. "Kwa umri huo unabishana na mashine?"

Mwantumu akamwekea mzee mkono begani. "Mzee wangu, kumbukumbu nayo huchoka, kama magoti. Kinoanuru hakichoki. Kilichoonekana hapo ndicho kilichokuwepo."

Mzee akaangalia tena. Kidole kikashuka polepole kutoka kwenye jino. "Basi huenda nimesahau mimi," alisema. Akaambiwa arudi baada ya arobaini ya mama yake Mwantumu, maana nyumba ingefungwa, aje kuchukua picha yake ikiwa kwenye fremu. Akaondoka akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, huku bado anawaza.

Mwantumu hakulitilia maanani jambo lile. Kila wiki alikuwapo mteja mmoja wa namna ile, na kila aliyekuja na shaka alinyooshewa kidole mlangoni, ilikotundikwa picha kubwa kuliko zote. Ile ndiyo picha ya kwanza kunolewa na Kinoanuru. Ilikuwa ya harusi ya Mwantumu mwenyewe.

Hadithi ya picha ile Tanga nzima iliijua, maana mumewe, Hemedi, aliisimulia kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza.

Bi Mwanjaa, mama yake Mwantumu, hakuitaka ndoa ile. Hakuwa na ugomvi na ukoo wa Hemedi, wala elimu yake, wala dini yake. Alimtazama yule kijana mara tatu nne alipokuja kusalimia, akamsikiliza akimsifia mapishi, kiti, hata paka wake mwenye chongo, kisha akamwita binti yake jikoni. "Kijana huyu hajawahi kumwambia mtu neno la kumuudhi," alisema. "Mtu wa hivyo mwogope, mwanangu. Yale maneno yanayouma anayaweka wapi?"

Mwantumu alikasirika. Mapenzi hayana masikio, na ya kwake yalikuwa hayana hata sikio la akiba. Harusi ikahamishiwa Makorora, kwa baba yake mdogo, naye Bi Mwanjaa akabaki Chumbageni nyumbani kwake. Upande wa mume ukafanya inavyopasa: shangazi yake Hemedi akapeleka mkaja, ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi kushukuriwa kwa tumbo lililozaa. Mama asiyeridhia ndoa huurudisha mkaja, na hapo mambo huharibika. Bi Mwanjaa aliupokea mlangoni ukiwa umefungwa kwenye karatasi ya dhahabu, akashukuru kwa neno moja, akafunga mlango. Hakuurudisha. Wala harusini hakwenda.

Usiku wa kumtoa bibi harusi nje, wanawake walikuwa peke yao ukumbini, vichwa wazi, wamejipamba. Basi hapo teknolojia yote ya dunia iligonga mwamba. Simu zilikusanywa kwenye pakacha mlangoni. Zile kamera zinazoruka, ambazo watu waliziita nzi, zilifungiwa kabatini, kwa sababu hakuna mwanamke aliyetaka nywele zake zionekane mpaka Muscat. Kamera moja tu iliruhusiwa, nayo ilikuwa mikononi mwa Mama mdogo Riziki, mdogo wake Bi Mwanjaa, na mikono ya Mama mdogo hutetemeka akifurahi. Alifurahi sana usiku ule. Picha zote zikatoka tope.

Ikapita miaka mitatu Mwantumu na mama yake hawasemezani. Katika miaka hiyo yeye na Hemedi walikiunda Kinoanuru, mke akaunda macho, mume akaunda ile akili unde inayoelewa kile macho yalichoona. Katikati ya mwaka wa tatu akaletewa habari kwamba mama yake amepatwa na kiharusi, kimemchukua ulimi na mkono wa kulia. Mwantumu akalia chooni ili asionekane, lakini hakwenda. Angekwenda na uso gani, na aliyekosa alikuwa nani? Watu wa ukoo ule wana shingo ngumu, na binti aliinyonya kwa mama.

Kisha siku ile ikafika. Mashine ikawa tayari, wakatafuta picha mbovu ya kujaribia, na mbovu kuliko zote ilikuwa ya harusi yao. Mwantumu alikuwa amekesha siku mbili, akasinzia kitini. Hemedi alipomwamsha, mstari wa buluu ulikuwa umekwisha kupita. Bibi harusi alikuwa katikati, amemeremeta. Na nyuma kabisa, kwenye mlango wa uani, palisimama mwanamke amejishikiza kwenye kizingiti kama mtu asiyetaka kuonekana. Alikuwa Bi Mwanjaa. Kiunoni alikuwa amejifunga kanga ya rangi ya damu ya mzee, yenye korosho za njano na pindo jeusi.

"Kanga ile siijui," Mwantumu alisema, akisogelea kioo.

"Ndiyo mkaja," Hemedi akajibu. "Alikuja, mke wangu. Alikuja na mkaja wake kiunoni, akakuangalia, akaondoka."

Jioni ile ile Mwantumu alikuwa Chumbageni, amepiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, picha mkononi. Alimshukuru kwa kuja. Alimwomba radhi kwa miaka yote. Bi Mwanjaa aliitazama picha muda mrefu. Akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka, akaunyanyua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na uhai, akauweka juu ya picha, pale pale mlangoni, akauacha hapo.

"Usikane, mama," Mwantumu akasema, naye analia. "Nimekuona."

Alimchukua akamhamishia kwake Raskazone. Akamlisha kwa kijiko, akamwosha, akamsuka nywele, miaka sita. Madaktari walitaka kumpandikiza kisemeshi, kile kidude kinachosoma mawazo ya aliyepoteza ulimi na kumsemea kwa sauti nzuri. Bi Mwanjaa alikisukuma kila kilipoletwa. Daktari alieleza kwamba kidude hukisia, kikipata nusu ya neno hujazia nusu nyingine, na kikongwe labda anakiogopa. Nakala ya picha Mwantumu aliitundika mbele ya kitanda, ili mama aione kila afunguapo macho. Mama alipenda kulala akielekea ukutani, mgongo kwa picha. Mwantumu alidhani ni mwanga wa dirisha unaomuumiza, akabadilisha pazia.

Bi Mwanjaa alikufa wakati wa mvua za vuli, bado ameelekea ukuta.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha kusomwa na wali kuliwa, Mwantumu na Mama mdogo Riziki waliingia chumbani kugawa nguo za marehemu. Sanduku la mbao lililetwa kutoka Chumbageni, na ufunguo wake ulikuwa kwenye uzi aliouvaa Bi Mwanjaa shingoni hadi siku ya kuoshwa. Walitoa kanga zilizochakaa zenye harufu ya udi, mashuka, buibui la zamani. Chini kabisa palikuwa na kifurushi cha karatasi ya dhahabu, kimefunguliwa upande mmoja tu.

Mwantumu aliona rangi kabla ya kukigusa. Damu ya mzee. Korosho za njano.

"Mkaja wa mama!" alisema, akaikumbatia kanga kifuani, machozi yakimlengalenga. "Mama mdogo, ndiyo hii! Ndiyo ile ya kwenye picha. Aliitunza miaka yote."

"Lete niione," Mama mdogo akasema. Akaichukua, akaikung'uta, ikafunguka, ikaendelea kufunguka, mpaka ikafika upande wa pili wa kitanda. Wanga ulikuwa haujatoka. Nguo ilisimama yenyewe kama karatasi. Mama mdogo akapitisha kidole katikati, pale ambapo kanga mbili za doti hukutana kabla ya kutenganishwa kwa mkasi.

"Haijakatwa," alisema polepole. "Wala kupindwa."

"Labda ni nyingine."

"Nyingine ipi, Mwantumu? Karatasi ni hii hii. Mimi nilikuwepo ilipoletwa, nilikuwa nachambua mchicha sebuleni. Dada aliifungua upande, akachungulia, akaitia sandukuni. Akaniambia, 'Nitaikata siku nitakayoona kwamba nilikosea.'"

"Hukuniambia hata siku moja."

"Ningekuambiaje? Mlipoleta ile picha yenu, nikaona ameivaa, nikasema basi, aliikata nisijue." Mama mdogo akakaa kitandani, doti magotini. "Na nikuambie jambo jingine. Usiku ule wa harusi mimi ndiye niliyeshika kamera. Ule mlango wa uani nilikuwa nautazama uso kwa uso. Sikumwona dada. Picha ilipotoka nikajiambia, Riziki umezeeka, macho yako hayafai. Mashine imemwona wewe hukumwona."

Mwantumu alisimama katikati ya chumba. Hakuna mwanamke wa Tanga anayejifunga doti nzima kiunoni, yenye wanga, kama mtu aliyevaa turubai. Na kwenye picha kanga ilikuwa moja, laini, imelegea vizuri, na pindo lake limepindwa. Aliijua korosho moja moja, maana alikuwa ameitazama kwa miaka. Nguo ambayo haikuwahi kutoka sandukuni ingefikaje mlangoni Makorora?

Hapo ndipo lilipomjia swali la pili: mashine iliijuaje sura ya kanga ile? Yeye mwenyewe hakuwahi kuuona mkaja ule, maana bibi harusi haonyeshwi. Shangazi aliubeba umefungwa. Mama mdogo aliiona tu karatasi kwa mbali. Mashine nayo haiwezi kuota korosho za njano kutoka kwenye tope. Mtu mmoja tu aliijua sura ya kanga ile kabla haijafungwa, naye ni yule aliyekwenda dukani kuichagua. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na Mwantumu alikuwa ameishika nguo yenyewe.

Hemedi alikuwa barazani akiwasindikiza wageni wa mwisho, ana neno tamu kwa kila mmoja. Alipogeuka akamkuta mkewe amesimama na doti imemning'inia mkononi, ncha zote mbili zinaburuza chini. Akaitazama ile kanga. Tabasamu lake halikuondoka, ila lilibaki peke yake usoni.

"Mkaja huu ulimnunulia wewe," Mwantumu alisema.

"Ndiyo, mke wangu. Nilimchagulia mwenyewe."

"Hajaukata."

Hemedi akavuta kiti, akamwonyesha akae. Hakukaa. Basi akakaa yeye.

"Nisikilize bila hasira," alianza.

"Hasira nitaiweka ninapotaka. Sema."

"Mara ya kwanza mashine ilitoa ukungu pale mlangoni. Rangi ya pazia, basi. Ulikuwa umelala. Nilikutazama pale kitini, umekonda, siku zote hizo unamlilia mama yako chooni ukidhani sikusikii. Nikaipa ile akili picha za mama yako. Nikaipa na ile kanga. Nikasema, hebu nione tu itakuwaje. Nilitaka kuifuta, wallahi. Ukaamka."

"Wewe ndiye uliyeniamsha."

Hemedi akatazama ncha za kanga zilizokuwa zikiburuza chini.

"Uliniamsha, Hemedi. Ulinigusa bega ukasema, njoo uone."

"Ulifurahi," akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile. Baada ya hapo ningesemaje?"

"Ungesema uongo. Neno ni fupi tu. Ungesema, mke wangu, nimesema uongo."

Roboti wa kahawa akaja, akasimama kati yao na birika lake, akawauliza kwa adabu kama wangependa tangawizi. Akabaki pale pale, maana hakuwa amefundishwa kuondoka kwenye ugomvi.

Mwantumu alikuwa anakumbuka kidole cha mzee wa Pongwe kikishuka kutoka kwenye jino.

"Na wengine?" aliuliza.

"Wengine nani?"

"Wateja wetu. Mke wa Mzee Kibwana alikuwa na pengo?"

Mumewe alijifuta uso kwa kiganja. Alieleza, na alieleza vizuri, kama alivyokuwa akieleza kila kitu. Baada ya picha ile ya kwanza aliona kwamba watu hawaji Nyumba ya Nuru kutafuta chembe za nuru. Wanakuja kutafuta wapenzi wao. Akaitia ile akili kitu alichokiita Kiraka cha Huruma. Mteja anapofika mapokezi huhojiwa habari za waliomo pichani, na watu hudhani ni mazungumzo tu ya kupitisha muda. Kiraka husikiliza, kikajua mtu anatamani nini, na kila macho yalipoona ukungu, chenyewe kilijaza. Mtoto wa Mzee Kibwana alisema mama yake alikuwa mzuri kuliko wanawake wote wa Pongwe. Mashine ikampa meno.

"Hakuna aliyeumia," Hemedi akamaliza. "Tafuta mmoja aliyetoka pale analia kwa uchungu. Hata mmoja."

"Mimi niliwaambia hakiongezi, hakipunguzi. Niliwaambia kwa kinywa changu, kila siku, nawe umesimama ubavuni mwangu unaitikia kwa kichwa."

"Uliamini, ndiyo maana na wao waliamini."

Aliyasema hayo kwa upole kabisa, pengine akidhani anamsifu. Miaka tisa Mwantumu alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu, na kumbe katika duka lile yeye ndiye aliyekuwa kibao cha mlangoni.

Kisha Hemedi akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akasema neno la kuudhi.

"Niulize na mimi moja. Bila picha ile, ungekwenda Chumbageni?"

Mwantumu alifungua mdomo. Alitaka kusema ningekwenda, mama ni mama. Lakini alizikumbuka zile wiki baada ya habari za kiharusi, jinsi alivyokuwa akipanda reli ya sumaku kila asubuhi, na jinsi alivyogeuza uso kituo cha Chumbageni kilipofika. Jibu halikuja. Alichukia kwamba halikuja, na akamchukia zaidi mumewe kwa kuwa ndiye aliyehakikisha kwamba halitapatikana kamwe.

"Ulininyima nafasi ya kujua," alisema mwishowe. Akaikusanya doti, akaingia ndani.

Kesho yake Nyumba ya Nuru ilifunguliwa kama kawaida. Mwantumu aliingia chumba cha mashine kabla ya wateja. Akili ile ilikuwa ya Hemedi na hakujua kuibomoa, lakini macho yalikuwa yake, na njia ya kutoka kwenye macho kwenda kwenye kiraka aliijua. Aliikata. Kisha akatafuta chini ya picha iliyonolewa ile mbichi yake, kama macho yalivyoiona. Zilikuwepo zote, picha mbichi za watu wote, zimelala chini ya zile nzuri. Hakuna aliyewahi kuzificha. Ni nani anayerudi kulitazama chujio akishakunywa chai?

Hemedi alimkuta amekwisha kuiweka picha ya harusi yao kwenye kioo kikubwa cha ukumbini. Wateja walikuwa wameanza kukaa.

"Si mbele ya watu," alimnong'oneza. "Mwantumu, nakuomba. Hii ni nyumba yetu. Itaanguka."

"Basi simama kando, isikuangukie."

Kinoanuru kikavuma. Mstari wa buluu ukashuka. Bibi harusi akatokea katikati, si mzuri kama alivyokuwa. Jicho moja limefumba, midomo imekauka, na kwenye shavu kuna alama ya chozi lililofutwa haraka. Mwantumu alikuwa amelisahau chozi lile. Mstari ukaendelea hadi mlango wa uani, ukapita, ukafika chini, ukazimika. Mlangoni palikuwa na ukungu wenye rangi ya pazia. Hapakuwa na mtu.

Watu wakaanza kunong'ona, wakiangalia kioo, kisha picha kubwa iliyo juu ya mlango, kisha kioo tena.

"Mama yangu hakuja harusini kwangu," Mwantumu aliwaambia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mashine yetu ilidanganya, nami nikawadanganya nyinyi bila kujua. Kila mwenye picha yetu nyumbani aje, apewe ile mbichi."

Mwanamke mmoja akasimama, akamkumbatia mtoto wake, akaanza kulia kwa sauti. Mwingine akampigia Mwantumu kelele, akimuuliza ni nani aliyemtuma kusema. Hemedi aliwaendea, mikono mbele, anatafuta la kuwaambia, na kwa mara ya kwanza maneno hayakumtosha.

Mzee Kibwana alikuwa amekuja kuchukua fremu yake. Alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia Mwantumu.

"Pengo lilikuwepo?" aliuliza.

"Lilikuwepo, mzee wangu. Nisamehe."

Mzee akaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayeficha kicheko, na mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka au analia, Mwantumu hakuweza kutambua. Akaondoka bila fremu.

Mwantumu akabaki mbele ya kioo, amesimama karibu na ule mlango usio na mtu. Aliyelishwa uji miaka sita alikuwa nani? Yeye alimwuguza mwanamke wa kwenye picha, aliyekuja kwa siri na kusamehe. Yule wa kitandani, aliyebaki Chumbageni na neno lake, aliyeuona uongo wa Hemedi tangu siku ya paka mwenye chongo, alilishwa tu kwa sababu alifanana naye. Na alijua. Alikula uji wa mtu mwingine, akaoshwa kwa mapenzi ya mtu mwingine, na kila asubuhi alipofungua macho alimkuta mtu huyo ametundikwa mbele yake.

Mwantumu akaunyanyua mkono wa kushoto, akauweka kwenye kioo, pale mlangoni, kama alivyofanya mama yake siku ile ya magoti. Miaka yote aliwasimulia wageni kwamba mama alikuwa akiipapasa picha kwa mapenzi.

Kiganja chake kikauziba mlango wote, ukungu usionekane. Mama hakuwa akiipapasa. Alikuwa akiifunika.